Sura ya Sita: Mtoto Mwenye Presha

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, mara nyingi na mama, na mara nyingi akiwa ameshashika kitasa cha mlango aondoke: "Dokta, presha si ugonjwa wa watu wazima? Huyu ana miaka kumi na mitatu. Ameipata wapi?"

Nyumbani majibu yameshatolewa. Babu yake alikuwa nayo. Anapenda chumvi. Ana mawazo ya shule. Shangazi mtu ameshaleta unga wa mlonge. Sina ugomvi na shangazi, maana urithi na chumvi vina sehemu yao. Ila mwenye presha akiwa mtoto, tena mwembamba, kuna jambo la kufanya kabla ya kumnyang'anya kidau cha chumvi. Apimwe presha ya mguuni.

Ndiyo, mguuni. Wengi wetu tumepimwa presha mara nyingi maishani na hatujawahi kuona ule mkanda ukifungwa mahali pengine zaidi ya mkono. Kwa watu wengi haina neno. Kwa mtoto tunayemzungumzia hapa, mkono unatoa nusu ya habari, na nusu iliyobaki iko chini ya kiuno.

Tumchukue kijana wa kufikirika, wa kidato cha kwanza. Alfajiri wenzake wako kwenye mchakamchaka wanaimba. Yeye kwenye mzunguko wa pili mashavu ya miguu yanakaza kama kamba iliyolowa, anasimama. Mwalimu wa zamu anamwita mvivu. Kichwa kinamuuma mara kwa mara, pua inatoka damu bila kugongwa, na usiku mdogo wake anayelala naye analalamika kwamba miguu ya kaka ni ya baridi. Ukimtazama akiwa amevua shati utaona mabega na kifua vimejengeka vizuri, lakini miguu ni kama ya mtu mwingine. Hakuna anayeyaunganisha haya yote, kwa sababu kila moja lina maelezo yake ya kawaida.

Kichwa cha bakora

Damu yote inayokwenda mwilini hutoka moyoni kwa mshipa mmoja mkuu uitwao aota. Kwa mtu mzima ni mpana kiasi cha kuingiza kidole gumba. Aota hupanda kutoka moyoni, hupinda kama kichwa cha bakora, kisha hushuka nyuma ya kifua hadi tumboni, inakogawanyika kwenda miguu miwili. Pale kwenye kipinda hutoka matawi matatu ya kulisha kichwa na mikono. Tawi la mwisho ni la mkono wa kushoto.

Mtoto wetu amezaliwa na aota iliyobanwa mara tu baada ya tawi hilo, kana kwamba mtu amefunga uzi kiunoni mwa mshipa na kuukaza. Ndiyo maana ugonjwa huu tutauita tu mbano wa aota. Kati ya watoto 10,000 wanaozaliwa, takriban wanne huwa nao, na wavulana huupata zaidi ya wasichana.

Fikiria mpira wa kumwagilia bustani uliokanyagwa katikati. Upande wa bombani unavimba na kuwa mgumu, upande wa pili maji yanadondoka matone. Mikono na kichwa viko upande wa bombani. Figo, tumbo na miguu viko upande wa matone. Kwa hiyo mtoto huyu ana presha mbili katika mwili mmoja: ya juu mno mikononi, ya chini miguuni.

Figo ndizo zinazoharibu mambo zaidi. Kazi yao mojawapo ni kulinda kiwango cha damu na maji mwilini, na zinapoona damu inafika kwa unyonge zinadhani mwili umekaukiwa. Zinaanza kutoa kemikali za kupandisha presha. Ni kama mpangaji wa chini anayempigia fundi simu kila saa kwamba maji hayafiki, fundi anaongeza nguvu ya pampu, na huko juu mabomba yanapasuka. Dawa za presha peke yake zikitolewa hapa zinaweza kushusha namba za mkononi, ilhali miguu na figo vinazidi kukosa. Mbano haujaguswa.

Njia za panya

Mwili haukubali kirahisi. Barabara kuu ikifungwa, madereva wa Dar es Salaam wanajua la kufanya: wanapita mitaani. Damu nayo hufanya hivyo. Mishipa midogo ya mabegani na ya chini ya mbavu, ambayo kwa kawaida hubeba damu kidogo tu, hutanuka mwaka hadi mwaka mpaka inakuwa njia za panya za kuuzunguka mbano. Huwa minene na yenye mapigo kiasi kwamba inakwangua kingo za chini za mbavu, na katika eksrei ya kifua ya mtu aliyekaa na tatizo kwa miaka, mbavu huonekana kama zimetafunwa na panya wenyewe.

Njia hizo ndizo zinazomfanya kijana wetu afike kidato cha kwanza akiwa anatembea. Ndizo pia zinazomficha. Miguu haifi, kwa hiyo hakuna anayeshtuka, na wakati huo huo moyo unasukuma dhidi ya ukuta na misuli yake inanenepa.

Watoto wengine hawapati muda huo. Mtoto akiwa tumboni hapumui kwa mapafu, hivyo ana mshipa wa muda unaoipitisha damu moja kwa moja kwenye aota, karibu kabisa na mahali mbano hutokea. Mshipa huo hujifunga siku za mwanzo baada ya kuzaliwa. Kama mbano ni mkali, mtoto anaweza kutoka wodini akiwa ananyonya vizuri, na siku chache baadaye akabadilika ghafla: anapumua haraka, anakataa ziwa, rangi inapauka, nepi haina mkojo. Bibi atasema ni mchango. Hata hospitalini jambo la kwanza kufikiriwa huwa ni maambukizi kwenye damu, na si kosa kulifikiria, maana dalili zinafanana. Anayeokoa maisha hapo ni yule anayeshika pia mapigo ya kinenani na kukuta hayapo. Kuna dawa ya dripu, prostaglandini, inayoufungua tena ule mshipa wa muda au kuuzuia usifunge, na kuwapa madaktari siku za kujipanga. Ilianza kutumika miaka ya 1970. Kabla yake wengi wa watoto hawa walikufa, na wazazi huenda waliambiwa tu kwamba ni homa.

*Kwa ufupi hadi hapa.* Aota imebanwa baada ya tawi la mkono wa kushoto. Juu ya mbano presha inapanda, chini inashuka. Mbano mkali hujitokeza siku za mwanzo za maisha. Mbano wa wastani hujificha hadi utotoni, ujanani, wakati mwingine hadi mwanamke anapokwenda kliniki ya wajawazito na presha yake ikahesabiwa kuwa ya mimba.

Vidole viwili kinenani

Kipimo cha kwanza hakihitaji umeme. Daktari anaweka vidole kwenye kifundo cha mkono wa kulia, na vidole vya mkono mwingine kwenye kinena, pale paja linapoungana na tumbo. Kwa mtu wa kawaida mapigo mawili hugonga pamoja. Kwa mwenye mbano, la kinenani huchelewa na kuwa hafifu, au halipatikani kabisa.

Ni sekunde thelathini za kazi. Kwa nini zinarukwa? Sababu moja ni foleni. Nyingine, ambayo haisemwi sana, ni haya. Kumwambia msichana wa miaka kumi na minne alegeze sketi aguswe kinenani, mbele ya mama yake na mlango usiofungika vizuri, si jambo dogo kwetu, na daktari kijana analikwepa. Muuguzi wa kike, pazia na maelezo ya dakika moja vingetosha.

Kinachofuata ni mkanda wa presha, mkono wa kulia na mguu, mgonjwa akiwa amelala. Kwa kawaida presha ya mguuni hulingana na ya mkononi au huizidi kidogo. Mkono ukiuzidi mguu kwa milimita 20 za zebaki au zaidi, hiyo ni habari nzito. Zebaki ni ile ya kipimo cha zamani cha presha. Namba 120 kwa 80 unayoambiwa ni milimita hizo hizo.

Mambo haya yakionekana kwa mtoto au kijana, omba apimwe mguu:

- presha ya juu isiyoelezeka, hasa kwa mwembamba;
- miguu kuchoka, kukaza au kuwa ya baridi akikimbia;
- kuumwa kichwa na kutoka damu puani mara kwa mara;
- msichana mfupi kuliko wenzake ambaye hajaonyesha dalili za kubalehe, kwa kuwa waliozaliwa na kromosomu X moja badala ya mbili hupata mbano huu zaidi ya wengine.

Uthibitisho hutolewa na eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, ile ile teknolojia ya ultrasaundi ya wajawazito. Kwa wakubwa huongezwa picha za CT au MRI ili kuona umbo lote la kipinda. Eko pia huonyesha jambo jingine: karibu nusu ya wenye mbano huwa na mlango wa aota wenye vijani viwili badala ya vitatu, na mlango huo nao unaweza kuhitaji matengenezo miaka ya mbele.

Mpira wa mkojo na dirisha la moyo

Kabla ya tiba kuwapo, waliovuka utoto na mbano huu walikufa kwa wastani wakiwa na miaka 35 hivi. Robo tatu walikuwa wameshazikwa kabla ya kutimiza miaka 46: moyo ulichoka, aota ilipasuka, au mshipa ulitoboka kichwani.

Wa kwanza kuthubutu kukata alikuwa Clarence Crafoord, daktari mpasuaji wa Stockholm, Sweden. Kila mtu aliamini kwamba ukiibana aota kwa dakika nyingi ili uishone, viungo vya chini vitakufa. Crafoord, akifanya upasuaji mwingine uliomletea damu nyingi, alilazimika kuibana kwa karibu nusu saa, na mgonjwa akaamka mzima. Alikumbuka hilo. Oktoba 1944 alimfungua kifua mvulana wa miaka 12, akakata kipande kilichobanwa, akaunganisha ncha mbili. Siku chache baadaye akamfanyia mkulima wa miaka 27. Wote walipona. Mwaka uliofuata Robert Gross alifanya hivyo hivyo Boston, Marekani.

Upasuaji huo unafanyika hadi leo na ni mzuri. Hata hivyo unaacha kovu la kutoka mgongoni hadi chini ya kwapa, na maumivu ya mbavu ambayo aliyeyapitia hayasahau.

Njia ya pili ilianzia kwenye kituko. Mwaka 1929, katika mji wa Eberswalde karibu na Berlin, daktari kijana aitwaye Werner Forssmann alikatazwa na mkuu wake kujaribu wazo lake la kuufikia moyo kwa mpira unaopitishwa ndani ya mshipa. Akamrubuni muuguzi wa chumba cha upasuaji ampatie vifaa. Muuguzi alikubali kwa sharti kwamba ajaribiwe yeye. Forssmann akamfunga mezani kana kwamba ndiye mgonjwa, kisha akajichoma ganzi mwenyewe, akatoboa mshipa wa mkono wake na kuingiza mpira mwembamba wa mkojo, sentimita 65, hadi moyoni. Halafu akashuka ngazi kwa miguu, mpira ukining'inia, kwenda kupigwa eksrei ili pawepo na ushahidi. Alifukuzwa kazi, akaishia kuwa daktari wa njia ya mkojo, jambo ambalo kwa kifaa alichotumia lina utani wake. Mwaka 1956 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Wamarekani wawili walioendeleza kazi hiyo.

Mpira wa namna hiyo, uliotengenezwa kwa ajili ya mishipa, ndio katheta: mrija mrefu, laini, mtupu ndani. Kwanza ulitumika kupima na kupiga picha tu. Mwaka 1964 Charles Dotter wa Portland, Marekani, aliutumia kuzibua mshipa wa mguu wa bibi wa miaka 82 aliyekataa katakata kukatwa mguu. Andreas Grüntzig, Mjerumani aliyefanya kazi Zurich, alitengeneza puto dogo la kuweka kwenye ncha ya katheta, kwa sehemu juu ya meza ya jikoni kwake, na mwaka 1977 akalitumia ndani ya mshipa wa moyo wa mtu aliye macho. Mwaka 1982 ikaripotiwa mara ya kwanza kutoka Marekani kwamba puto limetumika kupanua aota ya kichanga iliyobanwa.

Lakini puto lina kasoro moja. Ukipuliza na kulitoa, ukuta wa mshipa unaweza kurudi ulikokuwa, kama lastiki. Kilihitajika kitu cha kuushikilia. Daktari Julio Palmaz, mzaliwa wa Argentina, alipata wazo kutokana na kipande cha wavu wa chuma kilichoachwa na mafundi ujenzi gereji kwake, ule wavu wa kushikilia plasta ukutani: ukiuvuta, matundu yanafunguka na chuma kinabaki katika umbo jipya. Kutoka hapo ikaja stenti, kikapu kidogo cha waya kinachopelekwa kikiwa kimekunjwa juu ya puto na kuachwa kikiwa kimefunguka. Tangu miaka ya mwanzo ya 1990 stenti zimekuwa zikiwekwa kwenye aota zilizobanwa.

Saa mbili mezani

Tumrudie kijana wetu. Amefunga kula tangu usiku. Chumba anachoingizwa kina baridi ya kiyoyozi, na mashine ya eksrei yenye umbo la herufi C inaweza kumzunguka bila yeye kusogezwa. Tiba yenyewe huku kwetu imepewa jina zuri la Kiswahili: upasuaji wa tundu dogo. Amepewa nusukaputi, halali nusu wala robo, analala kabisa.

Daktari anatoboa mshipa wa kinena kwa sindano. Kupitia sindano anapenyeza waya laini, mwembamba kama uzi wa gitaa, wenye ncha iliyolegea ili usitoboe kitu. Waya unapanda kifuani kinyume cha mkondo wa damu. Pale penye mbano unasita. Hapa ndipo ufundi ulipo: kuzungusha, kurudi nyuma kidogo, kujaribu tena, macho yakiwa kwenye skrini na si mkononi, mpaka ncha ipate kijitundu na kupita.

Katheta inafuata juu ya waya. Inapimwa presha juu ya mbano, kisha chini yake. Tofauti ndiyo kesi yenyewe, na ikiwa zaidi ya 20, kazi inaendelea. Inachomwa dawa inayoonekana kwenye eksrei, na kwa sekunde mbili aota nzima inachoreka kwenye skrini: kipinda kipana, kiuno kama cha nyigu, halafu mshipa unatanuka tena. Wanapima upana kwa milimita. Puto halitakiwi kuzidi upana wa aota pale inapopenya kiwambo cha kutenganisha kifua na tumbo, kwa sababu anayetaka kumfurahisha mgonjwa kwa kulipuliza kubwa anaweza kuupasua mshipa.

Sasa unaingizwa mrija mpana zaidi, karibu kama wa kunywea soda, na ndani yake puto lililovikwa stenti. Wakati wa kupuliza kuna tatizo ambalo hulifikirii mpaka uambiwe: moyo unapiga, na kila pigo ni wimbi linaloweza kulisukuma puto kutoka mahali pake. Dawa yake ni kuupeleka moyo mbio kwa umeme, mapigo kama 180 kwa dakika, kwa sekunde chache tu. Ukienda mbio hivyo haupati nafasi ya kujaa damu, wimbi linakufa, puto linatulia. Linapulizwa. Kiuno cha nyigu kinaonekana kikikataa, kisha kinafunguka. Puto linaachwa linywee, moyo unaachiwa, waya bado uko palepale iwapo kitahitajika kitu kingine.

Presha inapimwa tena juu na chini. Mara nyingi tofauti imebaki chini ya 10, pengine haipo kabisa. Picha ya mwisho inaangalia kama ukuta umechanika kupita kiasi. Nasema kupita kiasi, kwa kuwa mchaniko kidogo wa tabaka la ndani ndiyo namna puto linavyofanya kazi. Mshipa haupanuki kwa kubembelezwa. Ndiyo maana pia hupaswi kushangaa ukisikia mpasuaji wa kifua amewekwa tayari, na kwamba kuna stenti ya akiba iliyofunikwa kitambaa maalumu cha kuziba tundu. Hatari hizi ni chache lakini zipo: mshipa kupasuka, ukuta kuvimba kama kibofu baadaye, stenti kuteleza, mshipa wa kinena kuumia na mguu kukosa damu.

Kijana anaamka na plasta ndogo kinenani. Masaa kadhaa haruhusiwi kukunja mguu, na hiyo, waulize waliolazwa, ndiyo sehemu ngumu kuliko zote. Siku moja au mbili baadaye yuko nyumbani.

Mbona wa jirani alipasuliwa?

Kwa sababu puto si la kila mtu, na mzazi anayeambiwa mwanawe afunguliwe kifua hajapewa tiba ya daraja la pili. Kichanga cha wiki mbili akipanuliwa kwa puto, mbano mara nyingi hurudi, na stenti ya udogo wake haiwezi kukua naye. Kwake upasuaji wa kukata na kuunganisha ndio chaguo la kwanza, isipokuwa akiwa mahututi kiasi kwamba puto linatumika kumvusha tu. Mtoto aliyeshapasuliwa na kovu likabana upya, huyo puto linamfaa sana. Kwa mtoto mkubwa, kilo 20 au 25 kwenda juu, na kwa mtu mzima, stenti ndiyo inayopendelewa mahali penye wataalamu, kwa kuwa mshipa wake unapokea stenti inayoweza kupanuliwa tena kwa puto akiendelea kurefuka. Umbo nalo linaamua. Kama kipande chote cha kipinda ni chembamba, hapo si kiuno cha nyigu tena, na kisu kinarudi mezani.

Huku kwetu kuna swali la ziada, la mahali. Kwa miaka mingi jibu la Tanzania lilikuwa ndege ya kwenda India, kwa waliobahatika kupata nafasi. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ilipoanza mwaka 2015 katika viwanja vya Muhimbili, tiba za katheta kwa watoto zikawa zinafanyika Dar es Salaam, nyingine katika kambi ambazo madaktari wageni huja kufanya kazi na wenyeji bega kwa bega. Nairobi, Hospitali ya Mater ina historia ndefu ya kutibu mioyo ya watoto, na Kampala kuna Taasisi ya Moyo ya Uganda. Kikwazo kinachobaki ni vifaa. Puto na stenti hutengenezwa nje na hutumika mara moja, kwa hiyo mzazi aulize mapema sana, kabla ya tarehe kupangwa, bima au mfuko gani unalipia kifaa chenyewe na siyo kitanda tu.

Maswali mengine ya kwenda nayo:

1. Tofauti ya presha kati ya mkono na mguu ni ngapi?
2. Kwa nini puto, stenti au kisu kwa mtoto huyu?
3. Kama ni stenti, itaweza kupanuliwa akikua?
4. Mlango wa aota una vijani vingapi?

"Amepona, dokta?"

Mbano umefunguka. Mishipa ya juu, iliyoishi miaka kumi na mitatu chini ya presha kubwa, imeshakuwa migumu, na kwa wengi presha hubaki juu kidogo au hurudi ukubwani. Aliyetibiwa mapema ana nafasi nzuri zaidi. Ndiyo maana hatakiwi kuacha dawa za presha kwa uamuzi wake, na kliniki ya moyo haina siku ya kuhitimu: eko kila baada ya muda, CT au MRI kila miaka michache kuangalia kama ukuta umevimba mahali au stenti imevunjika waya.

Mpira atacheza, kwa ruhusa na baada ya mguu kupona. Kunyanyua vyuma vizito kwa kubana pumzi asifanye mpaka daktari amtazame, kwa kuwa presha hupaa wakati ule. Meno asiyadharau. Bakteria wa kinywani wakiingia kwenye damu wanaweza kukaa kwenye chuma kipya, na kwa miezi sita ya mwanzo aking'olewa jino hupewa antibayotiki kabla. Msichana aliyetibiwa aonwe na daktari wa moyo kabla ya kubeba mimba, siyo akiwa na miezi saba.

Mama wa kijana wetu atauliza pia kama chuma kitabaki humo milele. Kitabaki. Baada ya miezi kadhaa ngozi ya ndani ya mshipa huota juu yake na kukifunika, na mtoto hahisi kitu. Kitu cha kutunza ni karatasi: tarehe, upana wa stenti, aina yake, presha ya kabla na ya baada. Piga picha kwa simu, weka nakala kwa mjomba. Miaka kumi baadaye, katika hospitali nyingine, daktari mwingine atakayetaka kuipanua ataihitaji hiyo namba ya milimita kabla ya kitu kingine chochote.

Na akifika huko, muuguzi akimnyooshea mkanda kwenye mkono wa kushoto, aombe ule wa kulia. Tawi la kushoto liko jirani mno na mbano. Mara nyingine lenyewe limebanwa au limeguswa na stenti, na kuna upasuaji wa zamani wa watoto wachanga uliotumia mshipa wa mkono huo kama kiraka. Namba yake inaweza kuwa ya kupendeza na ya uongo. Kisha, hata kama foleni ni ndefu, aombe wapime na mguu.